Alicheka Njia Yote

Mama Rosette, nakuandikia hapo gazetini kwako kwa sababu ndani ya nyumba hii sina tena mtu wa kumuuliza, na nakuomba unijibu upesi kama unaweza, maana Jumapili shemeji zangu wote wanafika hapa kwetu Mabanga na kikao chenyewe ni juu yangu.

Mimi ni mwenyeji wa Bukavu, nimeolewa Goma katika familia ya watu wa Masisi. Mchana nashona nguo za watoto wa shule, na nikipata nafasi naandika hadithi ya mapenzi ya zamani inayosomwa kila Jumamosi jioni kwenye redio moja ya hapa mjini. Labda umeisikia, ni ile ya wakati wa Wabelgiji, ya Rukara kijana mwenye ng'ombe na binti anayemtaka, na ndani yake kuna shangazi mzee anaitwa Kankindi ambaye hakuna anayepona mdomoni mwake. Watu wanaisikiliza kwa ajili ya Kankindi. Rukara akisema maneno matamu akina mama wa soko la Birere wanaendelea kupima unga wao, lakini Kankindi akikohoa tu, wanapandisha sauti ya redio.

Sasa, Mama Rosette, huyo Kankindi mimi sikumtunga, nilimkuta nyumbani. Ni mama mkwe wangu, Nyiransengimana, tunayeishi naye tangu vita vilipomtoa mlimani kwake, na tangu siku aliyoingia hapa mdomo wake haujapumzika. Siku ya kwanza niliyompikia sombe, majani ya muhogo, alionja, akaweka kijiko chini taratibu, akaniuliza kama hiyo sombe niliipika ama niliiogopesha na moto. Rodrigue, mkuu wa vipindi kule redioni, alipokuja kunitembelea akiwa amejipaka marashi ya kutosha mabwana harusi watatu, mama alimpa kiti na kumwambia, "Karibu mutoto wangu, marashi yako ilishafika, tulikuwa tunangoja wewe." Na jirani yetu alipokuja kujisifu kwamba binti yake amechumbiwa na mtu mwenye ng'ombe wengi, mama akajibu kwamba ng'ombe amewaona, na mtu mwenyewe amemwona, na kama ni kuchagua yeye angeolewa na ng'ombe. Yote hayo niliyapeleka redioni, nikayatia kinywani mwa Kankindi, na sikumuomba ruhusa. Alikuwa anasikiliza pamoja nasi akichambua maharage, hacheki sana, ila mara moja alisema kwamba yule mama wa redio ana akili, nikadhani amefurahi, nikaendelea kuchota.

Na mapenzi yenyewe ya Rukara pia sikuyatunga. Ni hadithi ya ukoo wa mume wangu, wanayoisimulia kwenye kila harusi na kila ubatizo, jinsi marehemu baba mkwe, Muzee Munezero, alivyomwona mama kwenye chemchemi akapendezwa naye, wazazi wa binti wakakataa, basi alfajiri moja akaja na ndugu zake wakamkamata binti, wakambeba kwenye machela mpaka ng'ambo ya mto, na binti alicheka njia yote. Hapo ndipo kila mtu hupiga makofi, alicheka njia yote. Kisha ng'ombe wakapelekwa kwa wazazi, mambo yakatengenezwa, wakakaa pamoja mpaka kifo chake, wakazaa watoto wanane, na mume wangu Théogène husema hajawahi kuona baba akimwinulia mama mkono. Mimi nilichofanya ni kuirudisha hadithi nyuma kwa kizazi kimoja na kubadili majina, nikaona nimeheshimu watu.

Jumamosi iliyopita kipindi kiliishia pale Rukara na ndugu zake wamejificha karibu na chemchemi wakimngoja binti. Mtangazaji akasema wiki ijayo bibi harusi anabebwa. Tulikuwa tumekaa wote sebuleni, mume wangu, mama, mimi, na Umurerwa, mpwa wa mume wangu tunayemlea, bado yuko shuleni. Umurerwa akashusha pumzi akasema na yeye angependa kubebwa hivyo, mwanaume asiulize mtu, aje tu amchukue. Mama alikuwa na ungo wa maharage magotini, hakuinua hata uso.

"Na wewe utauma nani?" akamuuliza.

Umurerwa hakuelewa, akacheka. Mama akasema, "Mimi niliuma Janvier."

Muzee Janvier ni mdogo wake marehemu baba mkwe, naye alishafariki, alikuwa na kidole kilichopinda na sisi sote tuliambiwa kwamba ng'ombe alimkanyaga. Nikaona uso wa mume wangu unajaribu kutabasamu. Akasema kwa sauti ya kubembeleza, kama mtu anayemkumbusha mzee kitu alichosahau, "Lakini mama, si ulicheka njia yote."

"Walicheka wao," akasema mama. "Mimi walinifunga kitambaa mudomoni. Mutu mwenye kitambaa mudomoni, ukimwangalia kwa mbali, anafanana na mwenye kucheka."

Akaendelea kuchambua maharage. Akatoa jiwe, akaliweka pembeni, akatoa lingine. Théogène aliinuka akatoka nje, akasimama kule ukutani kwenye mawe ya volkano, na aliporudi hakula.

Tangu siku ile nyumba yangu haina hewa. Mume wangu anasema nimemfukua baba yake kaburini. Anasema mama ni mzee, amechanganya mambo, na hata kama hakuchanganya, kitu kilichonyamaza miaka yote hiyo mimi nimekiamsha kwa upuuzi wa redio, na kwamba neno moja la habari hiyo likipita hewani nichukue cherehani yangu nirudi Bukavu. Ndiye aliyewaita kaka zake. Rodrigue kwa upande wake anataka harusi, anataka binti acheke, anasema wasikilizaji wanamsumbua kwa simu na nikileta kitu cha huzuni atampa mtu mwingine aandike mwisho, naye atamchekesha vizuri kuliko mimi.

Lakini linalonitisha zaidi ni mama mwenyewe. Amekuwa mpole. Nikimpa chakula anasema asante mwanangu. Jana niliunguza wali, harufu ikafika mpaka kwa majirani, akala mpaka mwisho na kusema umeiva vizuri. Niliingia jikoni nikalia, Mama Rosette, kwa sababu sikujua kwamba mtu anaweza kuondoka huku amekaa pale pale. Jioni nilimfuata nikapiga magoti, nikamwomba msamaha, nikamwambia anitukane kama zamani. Aliniangalia sana. Akaniita kwa jina la mtoto wangu, akasema, "Mama Lévi, yule mama wa redio ulimupa mudomo wangu. Sasa mupe na kisa changu, ama unirudishie mudomo."

Na kama hayo hayatoshi, Umurerwa ana kijana wa mtaa wa Keshero. Nimegundua kwamba kwenye simu kijana anajiita Rukara, na amemwambia mwisho wa mwezi atakuja kumchukua bila kuongea na mtu, na Umurerwa anaona hiyo ndiyo heshima kubwa mwanamke anaweza kupewa. Mume wangu hajui. Mimi ndiye niliyemfundisha huyo kijana, wala sijawahi kumwona.

Nikiandika ukweli nitapoteza nyumba yangu. Nikiandika kicheko nitampoteza mama, na labda mtoto. Nifanye nini?

Nabintu, Mabanga

*

Nabintu, barua yako ilinifikia Jumatano nikaisoma nimesimama. Nakujibu kabla ya siku yangu ya kujibu, kwa hiyo nitakwenda haraka, na baadhi ya maneno yatakuuma.

Umeniandikia mengi juu ya hadithi, na habari ya Umurerwa ukaiweka mwishoni kama kitu kilichokudondoka njiani. Mimi naanza naye. Ukimaliza kusoma hapa, acha cherehani, mwite huyo mtoto, funga mlango. Usimgombeze na usimnyang'anye simu, ukimnyang'anya atakimbia kesho badala ya mwisho wa mwezi. Mwambie kwamba Rukara ni wewe, kwamba maneno yote yanayomlegeza magoti uliyaandika wewe, mwanamke wa makamo mwenye sindano mdomoni. Kisha mwombe akae na bibi yake peke yao, wewe usiwepo. Na mumeo ajue habari za huyo kijana leo leo. Atakasirika. Afadhali akasirikie jambo linaloweza kuzuiliwa.

Sasa wewe. Umekaa na mwanamke huyu miaka, unasikia ulimi wake, unaona ni kiungo cha hadithi. Hukujiuliza hata siku moja kwa nini mtu mmoja awe na ulimi mkali namna hiyo katika nyumba ambayo haina anayemchokoza. Binti aliyefungwa kitambaa mdomoni, siku kilipofunguliwa, aliapa moyoni kwamba hakuna mtu tena atakayesema mbele yake bila kujibiwa. Ndivyo ninavyomwelewa mimi, na kama nimekosea atanisahihisha, namtumaini. Ulimfanya achekeshe soko zima la Birere, na katika hadithi hiyo hiyo ukamsifu mtu aliyemfunga. Hukujua, ndiyo. Sasa unajua.

Mumeo usimdharau. Naona wasomaji wengine watataka nimchape, sitamchapa. Mtu huyu alikuwa na baba mzuri, na huyo baba mzuri alifanya jambo baya kabla mwanawe hajazaliwa, na yote mawili ni kweli kwa pamoja, na kuyabeba kwa siku chache tu ni kazi nzito. Kukutishia na Bukavu ni utoto, na unaweza kumwambia kwamba Mama Rosette amesema hivyo. Lakini usibishane naye juu ya marehemu. Wewe hukuwepo, na yeye hakuwepo. Aliyekuwepo yuko sebuleni na ungo wake.

Kwa hiyo Jumapili usijitetee. Shemeji zako watakuja wamejiandaa kumhukumu mwandishi wa redio. Wape viti, wape chai, kaa karibu na mlango, unyamaze. Wakikuuliza, sema neno moja, kwamba kisa si chako. Kisha waangalie watakavyokosa mtu wa kumuuliza isipokuwa mama yao. Kama hawatamuuliza, aibu ni yao na mkutano umekwisha.

Rodrigue mpigie simu leo umwambie Jumamosi huna kitu, apige nyimbo. Akitaka kumpa mtu mwingine, ampe. Kankindi hataongea kwa mtu mwingine, na Rodrigue analijua hilo kuliko wewe.

Kuandika au kutoandika, usiniulize mimi. Mama mkwe wako alishakujibu na wewe ukapita juu ya jibu ukaja kuniandikia. Amekupa mambo mawili uchague, lakini kuchagua si kwako. Rudi kwake, safari hii usipige magoti, kaa chini mchambue maharage pamoja, umuulize anataka kipi kisemwe, kipi kisisemwe, na nani akiseme. Akisema rudisha, utamsafirisha Kankindi kwa heshima kwenye kipindi kimoja kifupi na hutachota tena hata neno lake moja. Akisema andika, utaandika kama alivyokwambia. Usimfanye Muzee Munezero mnyama ili watu walie. Usimlize mama wa watu hewani. Mtu kama huyo habari yake ataitoa kwa mdomo ule ule aliotumia kwa sombe yako, nawe uiache hivyo hivyo. Na binti kwenye machela asicheke.

Rosette

*

Wasomaji, Nabintu ameniandikia tena, na ameniruhusu niyachapishe yote pamoja. Nilitaka kubadilisha majina. Bibi mwenyewe alikataa lake libadilishwe. Nabintu anaandika hivi.

Mama Rosette, nakushukuru, na sikulala vizuri kwa sababu yako.

Umurerwa alikaa na bibi yake chumbani mchana mzima, sikusikia kitu, alipotoka macho yalikuwa mekundu akaenda moja kwa moja kuosha vyombo. Théogène alipoambiwa habari ya kijana alichukua simu akampigia mwenyewe, akamwambia kama ana nia aje mchana, kwa mlango, na wazazi wake. Mpaka leo hajaja. Umurerwa anasema hata yeye hamngojei, sijui kama ni kweli, lakini mwisho wa mwezi umepita na yuko hapa.

Jumapili walikuja. Nilikaa mlangoni kama ulivyosema. Théoneste, mkubwa wao, alitoka Rutshuru, aliongea muda mrefu juu ya jina la ukoo, na nilipoulizwa nilisema kisa si changu. Wakaangaliana. Mwishowe Théoneste akamgeukia mama, sauti yake imeshuka, akasema, "Lakini mama, ninyi mulipendana."

"Tulipendana," akasema mama. "Nilimupenda baba yenu kabisa, na kama angefufuka leo ningemupikia. Lakini ilinichukua miaka. Ninyi mukinihesabia, munaanzia ile asubuhi."

Théoneste aliweka kikombe chini. Aliuliza tena habari ya kidole cha Muzee Janvier, kama mtoto, na mama akamsimulia yote, wala hakuacha kuwachekesha hapa na pale, mpaka nikaona wanaume wazima wanacheka huku wanafuta macho. Hawakutoa uamuzi wowote. Walikula, wakaenda.

Tuliandika wawili, yeye anasema, mimi naandika, na akiona nimerembesha ananiuliza kama hapo napika ama naogopesha. Rodrigue alikataa, kisha akakubali, sijui ni kwa roho au ni kwa simu za wasikilizaji. Jumamosi hii ilisomwa. Kankindi alimweleza yule binti mambo ya machela na kitambaa, kwa mdomo ule ule, na wanasema Birere watu waliacha kupima unga.

Mume wangu hakukaa nasi. Alisikiliza amesimama dirishani, mgongo kwetu. Redio ilipozimwa alimuuliza mama kitu ambacho katika maisha yake yote, na ya kaka zake, hakuna aliyewahi kuuliza.

"Mama, wewe wakati ule ulikuwa unataka kuolewa na nani?"

Mama alifikiri. "Hakuna," akasema. "Nilikuwa nataka kuona ziwa. Kuna muchuuzi wa chumvi alikuwa anapita kwetu, alituambia kama kuna maji, ukisimama pembeni huoni mwisho wake. Nilikuwa natafuta namna ya kufuata ule mutu mpaka Goma."

Théogène akageuka. Alimuuliza kama alipofika hapa, na uzee wake, na virago kichwani, alikwenda kuliangalia.

"Nilikwenda siku ya pili," akasema mama. "Ni zuri. Lakini ng'ambo inaonekana. Ule mutu wa chumvi alikuwa muongo."